Kadi yangu ya deni ilijaa mihuri, deni likabaki

Wakuu, salaam kwenu. Namba zote hapa nimezitoa kwenye daftari langu, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mkulima wa Muyinga, nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Tuliporudi kwetu, mke wangu alitaka cherehani. Nikaichukua Nyamugari, Gitega, kwa Mama Furaha, mfanyabiashara kutoka Kivu. Deni faranga laki nne, dhamana karatasi ya shamba langu.

Riba ilikuwa asilimia tano kwa mwezi, juu ya deni lililobaki. Rejesho elfu ishirini na mbili kila mwezi.

Akanipa kadi yenye visanduku kumi na nane. Nikagawa laki nne kwa elfu ishirini na mbili: kumi na nane na kidogo. Riba nikadhani imo kwenye bei. Nikasaini.

Kila mwezi nilipanda basi kwenda Gitega kugongewa muhuri. Waliokulia kambini watanielewa: kadi isiyo na muhuri, hupati mgao.

Mwezi wa kumi na nane nikamwambia, "Mama, kadi imejaa. Nipe karatasi yangu."

Akacheka. "Papa, kadi ndiyo imejaa, deni iko! Bado elfu mia tatu makumi ine na tatu na kitu. We ulisaini, mi sikukuficha."

Akanipa kadi mpya.

Sikukasirika sana. Nilitaka kujua tu: laki nne kasoro elfu nne nilizolipa zilienda wapi?

Nyumbani nikaandika mwezi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba elfu ishirini, deni likapungua elfu mbili tu! Nikaendelea hadi sifuri: imebaki miezi thelathini na moja na kipande.

Nikajaribu kuongeza elfu kumi kila mwezi. Miezi kumi na sita! Nikarudia hesabu mara tatu.

Elfu kumi nitaitoa wapi? Mke wangu akauliza, "Nauli ya Gitega kwenda na kurudi ni ngapi?"

Ilikuwa elfu kumi na zaidi kidogo.

Nikaanza kulipa kwa simu, elfu thelathini na mbili kila mwezi. Mama Furaha akapiga: "Papa, unanikimbia? Hauonekane tena!"

Mwezi wa kumi na sita wa kulipa hivyo nilipanda basi mara moja tu, kuchukua karatasi ya shamba. Nikamwomba anigongee muhuri pia. Mazoea.

Nilichojifunza: usigawe deni kwa rejesho. Uliza kwanza, katika rejesho hilo, deni lenyewe linapungua kiasi gani.

Hesabu hii ilikula kurasa nne za daftari langu. Mwenye njia fupi ya kuhesabu aiweke hapa, nami nitaijaribu kwa namba zangu.