Kuku wa Mwisho wa Banda

Saa moja asubuhi, Mama Roboti anatembea nyuma ya toroli dogo linalojiendesha kati ya vizimba vya kuku wa nyama. Linamwaga chakula kushoto na kulia. Yeye haliondolei macho, kama mama anayemfundisha mtoto kutembea.

"Zamani nilikuwa najaza chakula mlangoni, narudi zangu dukani kutazama namba kwenye simu," anasema fundi huyo wa redio na televisheni, aliyepewa jina hilo na majirani.

Namba hizo zilitoka kwenye kihisi kinachohesabu mizunguko ya gurudumu. Mzunguko mmoja ni nusu mita. Ikitimia themanini, toroli huamini limemaliza banda la mita arobaini, nalo hurudi mpaka liguse mlango.

Banda ni la ndugu wawili. Kuku wa fundi walikaa mlangoni. Wa dada yake mkubwa, mjane anayeishi kwa biashara hiyo, walikaa mwishoni. Dada alipokwenda kumhudumia binti yake aliyejifungua, alimwachia mdogo wake kuku wote.

"Akaniuliza, 'Mdogo wangu, hiyo mashine yako ina macho?' Nikamwambia, 'Ina hesabu, dada. Nenda kwa amani.' Nilijibu kwa maringo, sikufichi."

Bomba la maji likavuja katikati ya banda. Magurudumu yakawa yanateleza kwenye tope, yanazunguka palepale, na kihisi kinahesabu. Siku tano mfululizo simu ilionyesha mita arobaini. Chakula cha kuku wa mwisho kilimwagika kwenye tope.

Aliyegundua ni dada, siku aliyorudi. Kumi na mmoja kati ya kuku wake sitini walikuwa wamekufa. Waliobaki walikuwa mifupa mitupu, na mnunuzi aliwakataa. Wa mdogo wake walikuwa wamenona.

"Hakugomba. Alisema tu, 'Wako wamekula.' Anaamini niliwanyima makusudi. Ningekuwa yeye, na mimi ningeamini hivyo. Inaniuma sana."

Miezi minne sasa, dada hajakanyaga bandani. "Salamu anaitikia. Basi."

Fundi amefunga gurudumu la ziada lisilosukumwa na mota, linaloburutwa tu nyuma. Toroli likikwama, nalo linasimama, na hesabu inasimama. Kihisi amekihamishia hapo. Hata hivyo, kila siku anaingia mwenyewe.

Amenunua vifaranga sitini kwa pesa zake, ni wa dada yake. Anaomba dada aje kuwaona kabla hawajafikia kuuzwa.

"Wake nimewaweka mlangoni," anasema. "Wangu ndio wa mwisho."