Goti kwa Goti na Mkwe

Enzi za Mdachi, behewa la daraja la tatu lilikuwa sanduku la mbao lenye mabenchi yaliyotazamana. Aliyeyapima sijui alimpima nani, labda watoto. Ukikaa, magoti yako yanagusana na ya mtu wa mbele, na hivyo ndivyo mnavyobaki mpaka mfike. Nalichukia behewa lile hadi leo.

Nilikwenda Dar es Salaam kumchukua mama mkwe wangu. Miguu ilikuwa imemvimba, pumzi zinampaa, na alitaka jambo moja tu: afike Morogoro amwone binti yake, yaani mke wangu, kabla hajafa. Kazi yangu ilikuwa kumfikisha.

Stesheni, askari alitusukumia ndani kwa fimbo, watu, kuku na mafurushi. Nilipotulia nikajikuta nimekaa goti kwa goti na mkwe wangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwetu Uluguru mwanamume humpisha mkwewe njiani, wala hamtazami usoni, sembuse kugusana naye. Nikajikwamua niinuke.

"Kaa tu, baba," alisema. "Humu nani anatujua?"

"Siwezi, mama."

Nafasi yangu nikampa mchuuzi wa samaki wakavu, akajibana pale na kikapu chake. Mimi nikajipenyeza hadi mlangoni, nikasimama nimempa mkwe wangu mgongo. Jua liliwaka, harufu ya samaki ikachanganyika na jasho, miguu ikafa ganzi. Lakini sitasema uongo: nilijiona mtu mwenye adabu zake, na nilifurahi.

Ngerengere nilinunua maji, nikayapitisha mkono kwa mkono bila kugeuka. Yakarudi vilevile.

"Mama amelala!" mchuuzi alipaza sauti.

Nikashukuru. Nilidhani usingizi utamfupishia njia.

Tulipofika Morogoro watu wakaanza kushuka. Mchuuzi alichukua kikapu chake akasimama, na palepale mkwe wangu akaanguka kifudifudi kwenye benchi la mbele. Alikuwa amekufa zamani. Muda wote ule alikaa wima kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuanguka. Mchuuzi, masikini, alikiweka kikapu chini. Akaniambia kwamba baada ya stesheni ya Ruvu, kabla hatujafika Ngerengere, bibi aliita mara mbili tatu, naye akadhani anaweweseka.

Nilimbeba mgongoni hadi nyumbani. Msibani wazee walinisifu sana: mkwe mwenye heshima, amesimama kutoka Dar es Salaam! Nilitamani wanyamaze.

Mke wangu alisubiri wageni wapungue, ndipo akaniuliza mama yake alisema nini mwishoni. Nikamjibu sikusikia.

"Kwani ulikuwa mbali naye kiasi gani?"

Tulikuwa chumbani, yeye ameketi kitandani. Nikamwonyesha mlango. Akautazama, akahesabu zile hatua nne kwa macho, kisha akainuka akaenda kulilia nje, peke yake.