Filamu Niliyomsimulia Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Kwetu sisi watu wa magharibi ya Kenya, mwanamume na mama mkwe wake hawaketi chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hujitenga kando mwingine apite. Si chuki, ni heshima. Sasa ichukue heshima ya namna hiyo uipeleke mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, kwenye nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ya vyumba viwili na pazia katikati, halafu uje uniambie umeipata wapi nafasi ya kuiweka.

Mama mkwe wangu alikuja Nairobi mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa sababu ya macho. Yote mawili yalikuwa yameota mtoto wa jicho, na alichobaki nacho kilikuwa vivuli na mwangaza basi. Mke wangu alimtumia nauli, akamwandikia barua tatu za kumbembeleza, na mama akaja akiwa na kuku wawili na msimamo wake kwamba hatalala chini ya paa la mkwe wake hata mbingu zianguke. Jirani yetu wa mlango wa pili, mjane Mwislamu aliyekuwa akiuza vitambaa soko la Gikomba, ndiye aliyetuokoa. Alimpa kitanda cha binti yake aliyeolewa. Mchana mama alikuja kwetu kukaa na mwanawe, na mimi, siku nisipokuwa kazini, nilikuwa na mawili: nitoke nizurure, au nijifungie chumba cha kulala kama mahabusu.

Nilikuwa na ugonjwa mmoja ambao mke wangu alikuwa ameukubali tangu uchumba. Nilipenda sinema za zamani, zile za Kihindi za rangi nyeusi na nyeupe. Nikiwa kijana nilikuwa nimeajiriwa kukata tiketi na kuwamulikia watu viti kwa tochi kwenye jumba moja la sinema huku Eastlands, mashariki mwa jiji, na filamu moja niliweza kuiona hata mara thelathini. Jumba lenyewe lilishageuzwa kanisa wakati huu ninaousimulia, lakini filamu zilibaki kichwani mwangu. Kihindi changu kilikuwa cha ajabu. Nisingeweza kununua kitunguu kwa lugha hiyo, ila ungenizindua usingizini ningekuambia mama anasema nini anapomfukuza mwanawe nyumbani mvua ikinyesha.

Yule jirani naye alikuwa mgonjwa mwenzangu. Alikuwa na katoni mbili za kaseti za video chini ya kitanda, na ndiye aliyeniazima zote nilizowahi kuangalia kwenye deki yangu. Tulibishana kuhusu waigizaji tukianika nguo. Mimi nilikuwa na wangu, mwenye paji pana la uso na macho ya huzuni, na yeye alikuwa na wake aliyependa kucheza densi.

"Huyo wako," alikuwa akiniambia, "hata akiwa harusini ana sura ya mtu aliyeibiwa."

"Na wako anaruka ruka kama amekanyaga siafu," namjibu, na hapo mke wangu anatuambia tuanue nguo kabla mvua haijatukuta na upuuzi wetu.

Jumapili moja baada ya kanisa nilikuwa nimejifungia chumbani, mama mkwe yuko sebuleni na binti yake, na mke wangu akaweka kaseti ili kupitisha muda. Nikasikia mama akiuliza, "Huyo anayeongea, si yule wa paji pana?"

Jamani! Nikasahau adabu zote. "Ndiye, mama!" nikasema kwa sauti kupitia pazia.

Nikajiambia nimeharibu. Kisha mama akasema taratibu, "Mkwe wangu, kumbe uko?"

"Niko, mama."

"Huyo nilimjua nikiwa bibi harusi. Gari la sinema lilikuwa linakuja uwanjani karibu na kiwanda cha sukari, wanatundika shuka jeupe. Baba wa watoto wangu alianza kuchana nywele kama yeye. Na nywele zenyewe alikuwa hana." Akacheka peke yake. "Siku hizi namsikia tu. Niambie anafanya nini."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Televisheni ilikuwa juu ya kabati, imelipa pazia mgongo, kwa hiyo mimi sikuiona kabisa. Nilikaa kitandani nikisikiliza, na kwa kuwa niliijua filamu kwa masikio, nilimweleza mama neno kwa neno: sasa anashuka kwenye treni, sasa amemwona msichana, sasa baba mtu amekunja uso. Heshima haikuvunjika hata kidogo. Tulikuwa vyumba viwili, na tulikuwa pamoja. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile nyumbani mwangu mchana kweupe.

Kwenye kliniki ya macho walisema atapasuliwa jicho la kulia kwanza, Jumanne, na la kushoto baadaye. Mama aliposikia neno kupasuliwa akakakamaa. Kuna mwanamke wa kijiji chao aliyepasuliwa mahali fulani akarudi na jicho limedidimia kabisa. Mama alisema Jumatatu asubuhi anapanda basi, anarudi kwake, na giza lake amelizoea. Mke wangu alilia, akabembeleza, akakasirika, akalia tena. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba wakizidi kuchelewa huenda lisipatikane jicho la kuokoa. Mama hakutaka kusikia. Alikuwa ameshafunga mfuko wake.

Jumapili hiyo, ya kumuaga, mke wangu aliweka kaseti kisha akatoka na mtungi kwenda kupanga foleni ya maji kwenye mfereji. Mimi niko nyuma ya pazia. Nilikuwa nimeagiza ile filamu ya ndugu wawili, ya kuchekesha, mama aende kwao na kicheko. Filamu ikaanza, zile fidla zikalia, na hapo hapo nikaitambua. Jirani alikuwa na tabia ya kurudisha kaseti kwenye ganda lolote lililo karibu. Hii haikuwa ya ndugu wawili. Hii ilikuwa ile ambayo mwenye paji pana anapofuka, anapelekwa kupasuliwa macho, na anafia mezani kwa daktari.

Mtu wa kabila lingine angetoka tu akabadilisha kaseti. Mimi ningetokaje? Njia ya kutoka chumbani kwangu ilikuwa inapitia sebuleni, miguuni pa mama mkwe. Nilikaa pale kitandani nikiomba stima zipotee, televisheni izimike. Shauri Moyo stima zilikuwa zinapotea kila siku ya Mungu, lakini siku hiyo, wapi!

"Mkwe wangu, mbona umenyamaza? Naona kivuli kinapapasa ukuta. Anaumwa nini?"

"Macho, mama."

Nikasikia kochi likilia, ameinama mbele. "Atafanya nini?"

"Wanampeleka kwa daktari."

"Kupasuliwa?"

"Kupasuliwa, mama."

Tulisikiliza sote wawili. Nikasikia vyuma vikigongana kwenye sinia ya daktari, kisha kile kimya ninachokijua, kisha ukelele wa mamake. Ukelele ule umewahi kuwatoa machozi wanaume wazima kwenye viti vya mbele, nikiwa nimesimama na tochi yangu.

"Huyo ni nani analia?" mama akauliza, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto.

Haki ya Mungu sikupanga. Mdomo ulijisemea. "Ni mamake. Analia kwa furaha. Kijana ameona."

"Ameona?"

"Ameona, mama. Cha kwanza alichokiona ni uso wa mamake."

Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimesahau kwamba Wahindi hawaziki. Maiti ikawekwa juu ya kuni, moto ukawashwa, na mama aliyebakiwa na mwangaza tu akauona. "Mbona pamewaka hivi? Naona mwangaza mkubwa."

"Ni taa," nikasema. "Wanasherehekea. Wahindi wakipata furaha kubwa huwasha taa nyingi, nyingi sana."

Mama akavuta pumzi. Akaegemea kochi. Mke wangu aliporudi na maji, nilimsikia mama akimwambia, "Fungua huo mfuko wangu. Nitakwenda hiyo Jumanne."

Mke wangu alikuja chumbani kunikumbatia akidhani maombi yake yamejibiwa. Sikuwa na nguvu ya kumwambia kitu. Jirani ndiye niliyemwambia, kesho yake, nilipomrudishia kaseti.

"Umemwambia kijana amepona?" Alishika kiuno. "Subhanallah! Na mama wa watu asipopona?"

Hilo ndilo swali lililonila siku tatu nzima. Kama angeng'ang'ania kwenda kwao, upofu wake ungekuwa shauri la Mungu. Lakini sasa aliingia chini ya kisu kwa ajili ya uongo wangu, na jicho likiharibika ni mimi niliyeliharibu. Ningemtazamaje mke wangu? Jumanne nilifanya kazi kiwandani kama mlevi, msimamizi akanifokea mara mbili. Jumatano, siku ya kutoa bendeji, niliomba ruhusa nikaenda hospitali, nikasimama nje karibu na geti, kwa sababu hata huko ndani nisingeweza kuketi naye wodini. Nilihesabu mabati ya paa la mapokezi hadi nikayachukia.

Mke wangu alitokea kwenye kona analia. Nikajua basi, nimemaliza nyumba yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Nini? Sema!"

"Ameniambia nina mvi," akasema, akifuta kamasi na kanga. "Hajanipa hata pole ya kukaa naye. Amenitazama hivi, akasema, wewe mtoto, mvi hizi umezitoa wapi?"

Nilikaa chini, pale pale kwenye saruji, watu wakipita. Nilicheka mpaka askari wa getini akanijia kuuliza kama nimefiwa. Nilimwambia hapana, mama yetu ameona mvi, na nikamnunulia chai na mandazi mawili. Kifua changu kilikuwa chepesi, nikavuta hewa ya moshi ya jiji hili nikaiona tamu. Nilitembea kwa miguu hadi Shauri Moyo na nauli iko mfukoni.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Lakini nyie mnakumbuka mama alikuwa analala wapi. Jirani yangu alikuwa ameificha ile kaseti chini kabisa ya katoni, nilivyomwomba. Sasa mama alikuwa na jicho, na jicho jipya halitulii. Alichungulia kabati, akachungulia sufuria, akamwambia jirani rangi ya kuta zake haimpendezi. Jirani akiwa sokoni, mama akazitoa kaseti zote, moja baada ya nyingine, akitafuta paji pana. Kaseti ya mkosi ilikuwa imevaa ganda lake halisi safari hii, na picha ya mwenyewe juu, amefungwa kitambaa machoni.

Jumapili alikuja nayo chini ya leso. Nilimsikia akimpa mke wangu. "Weka hii. Na mkwe wangu asiseme kitu. Leo naangalia mwenyewe."

Nilikaa kitandani mikono imeshikana. Mke wangu hakujua lolote. Alikuwa akimenya viazi na kuimba pamoja na filamu. Fidla. Ukuta unaopapaswa. Sinia ya vyuma. Ukelele. Mke wangu akaacha kuimba. "Ala! Kumbe huyu anakufa?" Kisha nikasikia kuni zikilia kwa moto, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kitanda changu.

"Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Hizi ndizo taa?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Nisamehe, mama. Nilimtazama binti yako akilia siku nzima. Niliogopa utapanda basi. Na ungeharibikiwa, nisingejisamehe mpaka kufa, nakwambia ukweli. Siku tatu hizo sikula."

Kaseti ikafika mwisho ikajizima yenyewe. Nikasikia sauti ndogo kutoka kwenye kochi, pumzi za kukatika katika, nikajua nimemliza mama mkwe wangu, jambo ambalo kwetu halina hata jina.

"Mama," mke wangu akauliza, "unacheka?"

"Wamemchoma kijana wa watu," mama akasema, akitafuta hewa, "na huyu bwana yako ananiambia Wahindi wanasherehekea!" Akapiga paja lake. Akacheka tena, na mke wangu aliyekuwa haelewi kitu akacheka kwa kumwona mamake anacheka, na nyuma ya pazia mimi nilikuwa nafuta machozi kwa shuka.

Alipotulia akauliza, "Daktari alisema jicho la kushoto ni lini?"

"Baada ya miezi mitatu, mama."

"Mkwe wangu, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi anza kutafuta filamu nyingine mapema. Na hiyo, nikishapona, nifichie vizuri nisiione."