Mkaratusi Umelala Jikoni Kwangu

Jamani, leo mti umeingia jikoni kwangu bila kupiga hodi.

Ni ule mkaratusi ulioinamia nyumba. Kila nikimwomba bwana misitu wetu hapa Malindi kibali cha kuukata, anajibu, "Mama, huo uko ndani ya hifadhi ya chanzo cha maji. Ukiugusa, nakupeleka mahakamani."

Basi asubuhi umeanguka wenyewe. Bati limekunjika kama chapati! Bahati nilikuwa nje nakamua ng'ombe.

Bwana misitu akaja mbio.

"Shikamoo mama. Pole sana, hii ni kazi ya Mungu."

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia. Nikachukua shoka nipasue kuni.

"Mama, acha! Huo ni mti wa serikali!"

Wanasheria wa humu, nimshtaki nani? Maana ulipoanguka ulikuwa wa Mungu, kuni ni za serikali, changu ni jiko lililobomoka tu.