Zege la Mjomba

Mjomba wangu simpendi, na sitaanza leo kujipendekeza. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, lakini mwenye kauli ni kaka yake mama. Ndivyo kiwanja chetu cha mjini Morogoro, ambacho mama alijenga pembeni yake, kilivyoishia mdomoni mwa mjomba. Akaamua lipande ghorofa la ofisi. Mhandisi wa ukoo ni mimi, nikaambiwa nichore.

Nililinganisha vifaa vya kujengea kwa haki. Mbao nilizitoa mapema, mchwa wa kwetu hawana adabu. Zege lina sifa zake: mchanga na kokoto vipo hapa hapa, mafundi wanalijua, moto haulitishi. Chuma kinatoka mbali na ukikisahau kinaliwa na kutu. Lakini zege ni zito, na udongo wa pale ni laini, maji ya mlimani yanapita chini. Lingetaka msingi wa kuchimba kwenda chini sana, karibu kabisa na ukuta wa mama, nyumba ya matofali mabichi isiyo na nondo hata moja. Fremu ya chuma ni nyepesi, msingi wake ungekuwa wa juu juu. Nyumba ya mama ingepona. Hilo tu ndilo nililopigania.

Wazee wa ukoo wakashuka kutoka Kinole, kule mlimani, tukakaa uani kwa mama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba," akaitikia huku akitazama kuku.

Nikaeleza yote. Akacheka. "Chuma? Hilo godauni! Unataka wakulima wa Dakawa watushushie mpunga wao?"

Wazee wakaangua kicheko. Damu ikanichemka. "Mjomba, nyumba ya dada yako itapasuka!"

"Ebo! Tangu lini mpwa akamfundisha mjomba wake? Kusoma kumekutia kiburi."

Nikamgeukia mama. Katika ukoo wetu dada mkubwa akikataa, jembe haligusi ardhi, hata mjomba hunywea. Neno moja tu nililitaka kwake. Mama akajifunga kanga vizuri, akasema, "Mimi niko na kaka yangu. Sitaki ukoo uchekwe kwa ajili ya banda la mabati."

Nikakunja michoro yangu nikaondoka bila kuaga. Wakampata mhandisi mwingine, wakachimba masika yakiwa yamepamba moto. Wapumbavu wakubwa!

Ghorofa limesimama, imara kweli, sina la kulikosoa. Mjomba hupita akigonga nguzo zake kwa bakora, na mimi bado simsalimii. Mama hurudia kwamba nyumba yake haina tatizo lolote. Ila siku hizi, ukuta wa upande wa ghorofa umetundikwa kanga kutoka juu mpaka sakafuni, naye hajawahi kupamba ukuta maishani mwake.

Juzi nikiwa kwa mama, upepo ukashuka kutoka mlimani. Madirisha yote tulikuwa tumeyafunga, lakini ile kanga ikajaa upepo, ikainuka. Mama akawahi kuikandamiza kwa kiganja, akaniuliza kama nimeshakula.