Kipande cha Grafiti cha Fundi Saidi

Miaka ile bendera mpya ya Madagaska ilikuwa bado haijachuja rangi, profesa wangu wa fizikia aliniandikia kutoka Ulaya: mtambo wa baridi kali ungekuwa wangu kwa wiki moja tu. Nilihitaji kipande cha grafiti, madini meusi ya penseli, kisicho na chembe ya chuma, tuone umeme unavyopita ndani yake katika baridi isiyo ya dunia hii. Bila kipande, sina utafiti. Nikaondoka Mombasa.

Katika bandari ya Mahajanga nilifikia mtaa wa Ampisikina kwa Bi Echati, mjane wa Kingazija. Maneno yetu yalikutana kwenye salamu. Mengine tulisaidiwa na Kifaransa.

"Kaka yangu Saidi anayo grafiti, kiwandani Dzamandzar," alisema. "Ila ana hasira za karibu."

Siku mbili baadaye nilikuwa Dzamandzar, kisiwani Nosy Be. Kiwanda cha sukari kilininukia molasi mpaka ndani ya shati. Fundi Saidi huyeyusha chuma na kusubu vipuri vya mashine, na hupaka grafiti ndani ya kalibu ili chuma kilichoyeyuka kisigande.

"Kwezi, fundi," nilimwamkia kwa Kingazija.

"Mbona, mwanangu," aliitikia.

Akafungua chungu cha grafiti. Nikatoa kipande kwa kibano, nikakining'iniza kwa uzi wa hariri, nikasogeza sumaku. Grafiti safi huikimbia sumaku. Hiki kiliirukia! Cha pili vilevile, na cha tatu. Nikapandwa na hasira.

"Karakana yako imeichafua, fundi."

Akafuta mikono taratibu. "Chuma kikiingia humu, kazi yangu huharibika kabla ya yako. Hicho kibano ulikiweka wapi njiani?"

Mfuko mmoja na sumaku. Nilikipangusa kwa karatasi nyeupe, likabaki vumbi la chuma, laini kama unga. Nyani haoni kundule. Niliona haya, nikamwomba radhi.

Alicheka mpaka akakohoa. Akachonga kijiti cha mwanzi, akakilowesha, akainua kipande kingine mpaka kwenye uzi. Nikaifuta sumaku, nikaisogeza. Kipande kikageuka polepole, kikajitenga.

"Kinakimbia!" alisema. "Kwa nini?"

Nilimchorea mchangani mpaka king'ora cha adhuhuri. Maswali yake mawili yalinishinda.

Niliporudi Mahajanga na kipande changu, Bi Echati aliuliza kama nilikasirikiwa. "Nilistahili," nikamjibu.

Ulaya, ndani ya baridi ile, tulivyozidisha nguvu ya sumaku, sindano ya kipimo ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, kama tulivyotarajia. Kwenye daftari, palipoandikwa "aliyeandaa sampuli", nilijaza jina la Saidi.

"Huyu ni wa chuo gani?" profesa aliuliza.

"Ni fundi. Anasubu vipuri, kiwanda cha sukari."

Akanitazama, kisha akaongeza mbele ya jina lile: Fundi.