Kipa Aliyezaliwa Ng'ambo ya Taveta

Kwetu Mghange, milimani juu ya Voi, mtu akitaka ujue kwamba hana kinyongo nawe, hakwambii tu. Anavuta funda la maji, wengine pombe ya muwa, analipuliza likunyeshee kichwani na kifuani, kisha anasema maneno yake ya heri. Tunaita kutasa. Lakini anayetasa huku amebana hasira moyoni anaharibu kila kitu, kwa maana baraka ile inageuka laana. Baba alikuwa mzee wa kanisa na pombe hakuigusa, kwa hiyo alitumia maji. Mchungaji alijua na alinyamaza, kwa sababu kwao pia walifanya hivyo hivyo.

Kaka yangu wa pili alitasiwa siku aliyoletwa nyumbani. Mama yake alimvusha kutoka upande wa Moshi akiwa bado mgongoni, akapata kazi ya kukata mkonge karibu na Voi, akaugua, akafa, na hakuna ndugu aliyejitokeza. Baba alikuwa fundi wa reli pale Voi na alimjua yule mama kanisani. Akampandisha mtoto milimani, akamsimamisha uani mbele ya ukoo, akampulizia maji, akasema, "Huyu ni wangu. Mwenye neno alitoe sasa, asilitoe kesho." Hakuna aliyekuwa na neno. Mama akamfuta kichwa kwa leso yake, kama alivyomfuta kila mtoto wake aliyetasiwa, nami nikaambiwa kuanzia leo nina kaka wawili.

Niliamini. Mtoto akiambiwa jambo na baba yake hatafuti shahidi.

Shamba letu la Mghange lilishuka kwa matuta, na wakati wa kuvuna kabichi hakuna aliyekuwa na magoti ya kupanda na kushuka na kikapu kutwa nzima. Aliye juu alirusha, wa chini yake akadaka, akamrushia mwingine, mpaka barabarani. Kabichi ikianguka inapasuka, na iliyopasuka haina mnunuzi. Kaka wa pili hakuangusha. Nikiwa na hasira naye nilimrushia kombo makusudi, naye alijitupa kwenye matope na kuinuka nayo kifuani akicheka. Kaka wa kwanza, yule wa kuzaliwa na baba, alidaka mbili na ya tatu ikawa ya mbuzi. Hilo halikuwasumbua. Walilala kitanda kimoja katika nyumba ya reli tuliyoishi Voi, wakala sahani moja, na walipokuwa vijana wote wawili wakawa makipa wa timu ya Voi.

Nasema makipa, lakini goli lina kipa mmoja. Kaka wa pili alisimama golini, kaka wa kwanza akakaa kwenye benchi la akiba, mechi baada ya mechi, akipigwa na vumbi jekundu bila kugusa mpira. Baba alikuwa mwenyekiti wa timu. Mpira ukidakwa alisimama, akawageukia watu, akauliza kama wamemwona mwanawe. Watu nao wakajibu kwamba hiyo ndiyo damu ya milimani. Kaka akifungwa, watu wale wale walisema arudishwe kwao. Nilizoea, nikadhani ni kelele za mpira tu.

Kisha ukaja mwaka ambao mpaka ulifungwa. Taveta, mji wa mpakani, ikapoa. Waliokuwa na shemeji ng'ambo wakawa hawawezi hata kwenda kuzika. Reli iliyokuwa ya nchi zote ikagawanywa, na mafundi waliofanya kazi na baba miaka mingi wakafunga virago wakarudi makwao. Swali la wewe ni wa wapi likawa linaulizwa kila mahali, hadi kwenye foleni ya kusaga mahindi. Katika hoteli ya chai karibu na stesheni wanaume walibishana kama mtu aliyezaliwa ng'ambo anaweza kuvaa jezi ya taifa letu. Mmoja alisema jezi ya taifa si blanketi la kumfunika kila mgeni anayesikia baridi. Mwingine alisema aliyemzika mama yake hapa, na akawa analia kwa lugha ya hapa, aachwe acheze.

Mimi sikuwahi kudharau hoja ya yule wa kwanza. Anayetaka timu ya taifa iwe ya waliozaliwa hapa ana haki ya kutaka hivyo, na hata leo nikiwasikia wajukuu wangu wakigombana juu ya wachezaji wa Ulaya waliozaliwa Afrika, ninawaacha wagombane. Baba angekuwa na msimamo huo tangu siku ile uani, ningemheshimu. Kinachoniuma ni mtu kukuita mwanangu mbele ya uwanja mzima miaka nenda miaka rudi, kisha siku unapomhitaji akumbuke ulikozaliwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Mzee mmoja wa kuchagua wachezaji wa timu ya taifa alishuka Voi kwa treni. Walihitaji kipa kijana wa kwenda kambini, naye alikuwa amesikia habari za kipa wetu. Kaka wa pili alidaka siku hiyo kama aliyetumwa. Alidaka hata penalti, na watu wakaingia uwanjani wakambeba. Baada ya mechi mgeni akaja kula kwetu. Mama alipika kuku na kimanga cha muhogo na maharagwe, mimi nikashika birika na beseni nikamnawisha mikono. Kaka zangu wote wawili walikuwa wamekaa pale pale, wa pili akiwa bado na vumbi kwenye nyusi.

Mgeni alikuwa amefurahi. Aliuliza kwa kupiga gumzo tu, maji yakimwagika mikononi mwake, "Mzee, huyu kipa ni wako wa kumzaa?"

Jibu lilikuwa neno moja, na baba alikuwa amelisema mara nyingi kuliko sala zake. Lakini alimtazama kaka wa kwanza, ambaye hakuulizwa habari zake. Kisha akasema, "Huyo nimemlea tu. Alizaliwa ng'ambo ya Taveta. Wangu ni huyu hapa, na yeye pia ni kipa."

Mgeni aliacha kunawa. Alisema nyakati zenyewe ni hizi tunazoziona, na yeye hawezi kupeleka Nairobi jambo la kumletea maswali. Alimuuliza kaka wa kwanza urefu wake na umri wake. Kaka wa kwanza alijibu, macho chini. Hakusema kwamba kipa ni mwenzake. Chai ilipokwisha, alikuwa amechaguliwa, na mimi nilikuwa bado nimeshika beseni la maji machafu.

Nilimfuata baba jikoni. Binti wa umri wangu hakuwa wa kumhoji baba yake, lakini nilimhoji. Aliniambia ameulizwa swali na akajibu ukweli, au nilitaka adanganye mbele ya mtu wa serikali? Na kweli hakudanganya. Nilichokiona usoni mwake hakikuwa hofu ya serikali. Kilikuwa kinyongo kilichokaa humo tangu siku za kabichi: kila huyu alipodaka, yule wa damu yake alikuwa benchini. Na mbele za watu baba alikuwa akishangilia.

Kaka wa kwanza aliomba sweta ya kipa, kwa kuwa ilikuwa moja tu. Kaka wa pili akampa, na kabla ya kumpa alikaa mlangoni akaishona kiwiko kilichochanika. Nilitaka kumpokonya ile sindano. Kaka wa kwanza alirudi baada ya majuma machache, hakupata namba, akawa anakaa barazani kutwa. Watu walimwonea huruma. Mimi sikumwonea, na mpaka leo simwonei.

Lakini kaka wa pili hakumngoja arudi. Jumamosi iliyofuata kuondoka kwa kaka wa kwanza tulipanda Mghange sote, na hapo ndipo alipotuambia kwamba naye anakwenda. Alisema kwa upole kabisa kwamba, maadamu imejulikana yeye ni wa ng'ambo, ni vizuri akatafute huko ana nani. Mama alimkumbusha kwamba mpaka umefungwa. Akasema wachuuzi wa ndizi wa Taveta wanazijua njia za mashambani. Hakujua hata jina la kijiji cha mama yake. Mama akalia kwa sauti, na baba akamwambia anyamaze.

Ombi lake lilikuwa moja. Alisimama uani, mahali pale pale alipowekwa akiwa mtoto, akavua kofia. "Baba, sina neno na wewe. Nitasie, niende."

Wajomba walikuwapo, na majirani wawili watatu waliosikia wakaja kumuaga. Baba hakuweza kukataa mbele yao. Mama akaleta maji katika kibuyu. Kaka akainamisha kichwa, mikono nyuma, nami nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kumgusa. Baba akavuta funda. Mashavu yakamjaa. Akamtazama kaka utosini, na akaendelea kumtazama, na wajomba wakaanza kutazamana.

Wako watu wa ukoo wetu wanaosema mpaka leo kwamba baba alifanya huruma siku ile, kwamba aliujua moyo wake na hakutaka kumlaani kijana safarini. Huruma gani hiyo? Kama moyo ulikuwa na kitu, angekisema, akakitoa, ndipo apulize. Kutasa kuliwekwa kwa ajili hiyo hasa. Angesema mbele yetu, mwanangu, nilikuonea wivu kwa ajili ya mwingine, na kaka angebaki. Ninajua angebaki.

Baba alimeza. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Kisha akamrudishia mama kibuyu, akaingia ndani.

Kaka hakuona, kwa sababu alikuwa bado ameinama. Alikaa hivyo akingoja maji. Mwisho mama akamsogelea, akamfuta kichwa na shingo kwa leso yake taratibu, kama alivyomfuta siku ile ya kwanza, na leso ilikuwa kavu.